Risasi 300 za .303: nilichoagiza, nilicholetewa, na yule jamaa wa simu

Nianze na yule jamaa wa simu wa hawa wauzaji wa risasi, maana risasi zenyewe pengine ningezisamehe.

Nilimpigia jioni moja niliporudi kutoka kiwanja cha shabaha, vidole bado vinanuka baruti. Nikamweleza taratibu kwamba risasi zao zinachelewa kulipuka. Akanikatiza. "Bwana, hiyo ni mali ya jeshi iliyobaki stoo. Ulitarajia nini?" Nikanyamaza nimeze. Naona akaipima lafudhi yangu kidogo, akauliza: "Kwani huko kwenu mnazijua bunduki za namna hii?"

Huko kwetu ni Taita Taveta. Ukishuka kuelekea Taveta unakipita kilima cha Salaita, ambako tarehe 12 Februari 1916, Vita Kuu ya Kwanza, Waafrika Kusini wa upande wa Mwingereza walikwenda kwa madaha na kurudi mbio, wakitimuliwa na askari wa Mjerumani ambao wengi wao walikuwa weusi kama mimi. Nimechunga mbuzi nyika zile. Mvua kubwa ikipita, udongo mwekundu unaoshwa na maganda ya risasi yanachomoza kama meno. Nilikuwa sijafika darasa la nne na tayari naweza kufumba macho nikakwambia kwa kupapasa tu: lenye ukingo uliojitokeza kitakoni ni .303 ya Mwingereza, lililochongwa mfuo ni Mauser ya Mjerumani. Babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, alikwenda Burma na .303 hiyo hiyo begani akarudi na sikio moja zima. Eti tunazijua?

Basi. Sasa niseme nilichonunua.

Naishi Texas miaka mingi sasa, nina kadi ya kijani, na bunduki yangu ni Lee-Enfield, ile .303 ya Mwingereza, ile ile ya Keya. (Ndugu zangu mlioko hapa kwa viza ya masomo au matembezi, msijaribu hili kwa kuniona mimi. Sheria ya Marekani inawakataza kushika bunduki hata risasi, isipokuwa vipengele vichache kama kibali cha uwindaji, na kosa la hivyo linakufukuzisha nchi.) Kabla ya hapo nilizoea bunduki na risasi za Kirusi, zile risasi za kopo la chuma la risasi 440 unalolifungua kwa kifungulio kama kopo la samaki. Zilikuwa rahisi, tena zilikuwa hazikosei. Mwaka 2021 serikali ikaacha kutoa vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi, na bei zikapaa. Nikasema potelea mbali, nirudi kwenye .303 ya babu.

Kwenye tangazo la wauzaji hawa, picha ilikuwa ya kukutoa udenda: mikanda ya kitambaa cha kaki, kila mkanda mifuko mitano, kila mfuko vibanio viwili vya chuma vyenye risasi tano tano. Hesabu ni hamsini kwa mkanda, kama ilivyovaliwa kifuani. Nikaagiza mikanda sita pamoja na kreti la mbao lenye mishikio ya kamba. Bei siisemi, mama watoto husoma vitu hivi.

Mzigo ulikuja mkiani mwa kiangazi. Nikafungua kreti: mifuko ya nailoni! Risasi zimemwagwa humo kama mahindi ya kukaanga, nyingine zimepata kutu ya kijani, na kitakoni zina alama ya kiwanda kingine kabisa, cha bara jingine. Nikajikaza, nikasema si kitu, hata hizi ni historia.

Kiwanjani sasa. Risasi ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu nikavuta, nikasikia kli. Sindano imegonga fataki, kile kikombe kidogo kitakoni kinachowasha baruti, basi, kimya. Kila aliyefundishwa anajua hapo huinui kichwa wala hufungui chemba: unaacha mtutu ukielekea mbele, unahesabu hadi sitini. Sikufika hata moja. Pwaa! Mtutu ulikuwa umeshaanza kushuka, vumbi likaruka hatua kumi mbele yangu. Mzee msimamizi wa kiwanja alipaza sauti watu wote waweke bunduki chini, akaja akasimama nyuma yangu na mikono kiunoni kama mwalimu wa zamu. "Fyatua nyingine nione." Kli... pwaa. "Nyingine." Kli... ... pwaa. Hiyo ya mwisho nadhani ningeweza kusema bismillahi yote mpaka mwisho. Akaniambia nizifungashe nisizilete tena pale, na watoto wawili wa Kizungu meza ya jirani walikuwa wanacheka.

Nyumbani nikaifumua moja kwa koleo. Ndani ya .303 nyingi za zamani hakuna baruti ya chembechembe, kuna kodaiti, nyuzi nyuzi za kahawia kama tambi kavu. Zile tambi zilikuwa nzima, zinang'aa. Kwa hiyo naona tatizo ni fataki: zimezeeka, zinawaka kwa kujivuta kama kiberiti kilicholowa. Na uzee wake haukuzipunguzia chumvi. Fataki za kale huacha chumvi mtutuni, chumvi inavuta unyevu, na ukilala bila kuosha asubuhi unakuta kutu. Nina birika langu maalumu la kuchemshia maji ya kumimina mtutuni, si la chai, na limeandikwa hivyo kwa wino mwekundu baada ya mgeni mmoja kulikosea.

Ndipo nikapiga simu. Mengine mnayajua.

Hadi hapo hukumu yangu ilikuwa imekwisha: nyota moja, na hiyo kwa sababu sifuri haipo. Ila niseme kweli, maana sipendi dhuluma. Wiki hiyo nikihesabu za kurudisha (hawapokei marejesho ya risasi, iko kwenye maandishi madogo, kosa langu), chini kabisa ya kreti nikagusa kitambaa. Mkanda! Mmoja, mzima, mifuko yote mitano imeshonwa kwa uzi wa pamba, na risasi zina herufi RG, yaani Radway Green, Uingereza. Ukiunusa unanuka mafuta na turubai kuukuu. Nilikaa sakafuni na mkanda ule magotini kama nusu saa. Nilimkumbuka bibi, aliyenichapa siku aliyonikuta na ganda mfukoni, ganda tupu, akilia yeye kuliko mimi. Alikuwa ameishi enzi ambazo Mwingereza alipitisha sheria ya kunyonga mtu aliyekutwa na risasi wakati wa Hali ya Hatari, enzi za Mau Mau, na hofu ile haikumtoka hata baada ya bendera kushuka. Na mimi hapa risasi naletewa mlangoni na kijana wa kaptura anayetaka saini tu.

Hiyo hamsini sitaifyatua kamwe. Kwa mkanda ule peke yake ningewapa nyota nne. Nilikuwa nimeshaziandika.

Halafu nikakumbuka lile "huko kwenu".

Jamani, fataki kuzeeka si dhambi ya mtu. Picha ya uongo ni wizi, lakini wizi wa kawaida, hata sokoni Voi utauziwa nyanya nzuri juu na mbovu chini. Ila mteja anayekwambia risasi imelipuka mtutu ukishuka, badala ya kumuuliza kama ameumia unamuuliza kama kwao kuna bunduki? Nimezirudisha nyota zangu. Tatu nimezifuta.

Risasi zilizobaki ziko kwenye kopo la rangi, nimebandika karatasi MBOVU, nangoja wikendi niwapelekee wa kiwanjani wanaokusanya mbovu. Kreti, nakiri, ni la mbao nzuri. Mke wangu ameliingiza jikoni, anawekea vitunguu, na nikilikaribia ananiambia, "Baba Mghoi, hilo sasa lina kazi ya maana."