Nilinunua Grey Goose Tanga: hela yangu ilikwenda wapi?

Kwa wasio na muda wa kusoma yote: kama unaichanganya na juisi ya machungwa ya Muheza, Grey Goose, vodka ya Kifaransa, ni kutupa hela. Ukiinywa kavu, ikiwa imepoa barabara, ni kinywaji kizuri. Tatizo ni bei.

Niliichukua kwenye duka la vinywaji hapa Tanga mjini, kwa ajili ya shughuli ya shemeji aliyepandishwa cheo. Ilinitoka zaidi ya laki moja kwa chupa moja. Nilipouliza ina tofauti gani na zile za rafu ya chini, muuzaji hakugusia ladha kabisa. "Bosi, wewe iweke tu mezani, watu wataongea wenyewe."

Na kweli waliongea, maana chupa yenyewe ni ndefu, ya kioo chenye ukungu, bata bukini wanaruka, na kizibo ni cha kuvuta kama cha mvinyo. Nusu ya wageni walipiga nayo picha kabla haijafunguliwa.

Muuzaji yule hajui, lakini alirudia mafunzo ya aliyeibuni vodka hii, Mmarekani Sidney Frank, yule aliyeifanya Jägermeister, pombe ya mitishamba ya Kijerumani, ipendwe na vijana wa Marekani. Katikati ya miaka ya 1990 mzee huyu alitaka vodka ya kuipita Absolut ya Sweden, iliyokuwa ikihesabiwa ya kifahari kule na kuuzwa kama dola 15 hivi. Yeye akaamua yake iuzwe dola 30. Hakwenda Urusi wala Poland. Alikwenda Ufaransa, kwa kuwa Mmarekani akisikia Ufaransa anafikiria manukato na mvinyo, hahoji bei. Akampata François Thibault, fundi wa konyaki (brandi ya Kifaransa, si Konyagi yetu), ngano ikatoka Picardie, maji yakatoka Gensac-la-Pallue karibu na mji wa Cognac. Chupa zikasafirishwa kwenye makasha ya mbao, kama mvinyo wa gharama. Mwaka 1998 taasisi moja ya kuonja vinywaji ya Chicago ikaipa nafasi ya kwanza, naye akaitangaza habari hiyo kila mahali. Mwaka 2004 Bacardi wakainunua kwa zaidi ya dola bilioni 2.

Kinachonichekesha ni kwamba hadi mwaka 2020 kanuni za Marekani zilitaka vodka isiwe na ladha, harufu wala rangi ya kuitofautisha. Halafu mtu anakuuzia mara mbili ya bei kwa sababu ya ladha!

Basi tukajaribu. Dada alimimina jikoni, Grey Goose na vodka ya bei ya kawaida, kwenye glasi zinazofanana, zote zikiwa zimetoka friza. Hapo tofauti ipo, siwezi kuikataa. Ile ya kawaida inakwaruza koo na kuacha harufu ya spiriti puani. Grey Goose inateleza, ni nzito kidogo mdomoni, na mwishoni kuna utamu wa mbali wa nafaka. Ila joto la Tanga halingoji mtu. Barafu ikishayeyuka, zinakaribiana sana. Tulipotia juisi na ndimu, shemeji alinyoosha kidole kwa uhakika wote kwenye glasi ya bei rahisi: "Hii ndiyo yenyewe, Mfaransa huyu!" Dada alicheka hadi akakaa chini.

Kwa hiyo pa kuinywa ni kwenye glasi ndogo, pembeni sahani ya pweza wa kuchoma, chupa imelala kwenye friza tangu jana yake. Kwa kuchanganya, Konyagi yetu inatosha, na chenji inabaki.

Jambo la mwisho ni chupa tupu. Kabla watu hawajaondoka, kijana mmoja alikuja kuniomba anunue tupu hiyo, "na kizibo chake, kaka." Sikumuuliza ya nini. Chupa yenye jina hivi, ikijazwa kitu kingine, inarudi sokoni bila shida. Ukinunua hakikisha ina stempu ya kielektroniki ya TRA (Mamlaka ya Mapato), haijachanika, na uikague kwa simu na programu ya Hakiki Stempu hapo hapo kaunta, kabla hujatoa hela. Na ukimaliza, ivunje. Mimi yangu niliifunga kwenye gunia nikaipiga nyundo.