Wikiendi ya Kilimanjaro: mlima safi, buti za kukodi ni dharau

Nianze na buti, maana ndizo zilizonikera mpaka nikaamua kuandika. Anayetafuta urefu wa kilele cha Kibo au ada za hifadhi atavipata kwingine. Mimi nina neno na soli.

Tulilipia matembezi ya kwenda na kurudi kwa kampuni moja ya Moshi, wikiendi fulani baada ya masika: Jumamosi Marangu hadi kambi ya Mandara, Jumapili uwanda wa Shira. Kulala mlimani hapana, kileleni hapana, Jumatatu tuna kazi. Buti zimo kwenye kifurushi, unaweka amana unapewa. Zangu zilikuwa zimepigwa kiwi zinang'aa, kamba mpya kabisa. Nikamwuliza kijana wa stoo zina umri gani. Akanijibu macho yakiwa kwenye simu yake, "Dada, hizo za Ulaya, hazifi."

Jumamosi sina la kusema vibaya. Msitu wa Marangu ni baridi na unyevu, mbega wanaruka juu ya vichwa vyenu, miti imeota ndevu. Mandara ni mita 2,720, na ukijikaza kidogo mbele yake unafika Kreta ya Maundi, ambapo mawingu yakikuhurumia unakiona kilele cha Mawenzi. Yalituhurumia. Nikarudi na matope hadi magotini, nacheka peke yangu.

Jumapili gari likatupandisha kupitia Londorossi, likaumaliza msitu, likatushusha kwenye uwanda wa Shira, zaidi ya mita 3,500. Kule hewa unayovuta ni kama theluthi mbili ya ile ya pwani, na kwa kuwa umepandishwa na gari, mwili haujapata muda wa kuzoea. Kichwa kinagonga, ukiinama kufunga kamba unaona vimulimuli. Mwongozaji wetu alilijua hilo vizuri. Aliyejifanya ana mbio alirudishwa nyuma: "Pole pole, mlima hauhami."

Gari lilishapotea machoni niliposikia pata, pata, pata kila nikinyanyua mguu wa kushoto. Naangalia, soli imeachama kuanzia vidoleni hadi katikati. Kati ya ngozi na mpira kulikuwa na povu, au tuseme lilikuwepo, maana sasa ni unga wa kijivu unaonata vidoleni ukiugusa. Haikupita muda, soli ya kulia nayo ikafuata, na hiyo haikuachama, ilibaki yote nyuma kati ya mawe. Nikarudi kuiokota. Shira ni volkano kongwe kuliko Kibo na Mawenzi, nami nilidhani ndiyo kitu kizee pekee nitakachokanyaga siku ile.

Na msinambie ni bahati mbaya. Povu lile ni poliuretani, aina ya plastiki, na unyevu wa hewa huivunja taratibu hata kiatu kikiwa kimekaa tu bila kuvaliwa. Ngozi inabaki nzima, mpira wa chini unabaki mzima, cha katikati kinaoza kimyakimya. Ndiyo maana buti iliyolala stoo miaka na miaka inaonekana mpya, halafu inakufia juu ya mawe. Kuigundua hakuhitaji fundi: ikunje kwa mikono miwili, bonyeza ubavuni kwa kidole gumba. Ikionyesha nyufa au ikimong'onyoka, itupe. Wao walichukua kiwi.

Mwongozaji hakupiga kelele. "Kaa hapo dada, nipe mguu." Akatoa utepe mpana wa gundi aliokuwa ameuzungushia chupa yake ya maji, akafunga soli kama anafunga jeraha, kisha akapitisha waya chini ya unyayo na nyuma ya kisigino, akausokota kwa koleo dogo mpaka ukakaza. Akachukua na begi langu. Wenzangu wakaendelea na msaidizi wake hadi kilele cha mawe cha Shira Cathedral, mimi nikarudi naye taratibu, ananionyesha pa kukanyaga na kunitajia mimea, hata ile senesio mirefu kuliko mtu. Hapo hasira ilinishuka kweli. Nikasema hawa nitawapa nyota nne, basi tu.

Ndipo tukafika ofisini.

"Ulizichukua nzima, umezirudisha zimekufa. Amana inabaki." Kijana yuleyule. Nikamwagia unga mezani aone. Akautazama, akaniuliza, "Kwani ulikuwa unatembeaje?" Mtu mzima naulizwa natembeaje! Bosi wake amekaa pembeni anahesabu risiti, hata pole hakuitoa. Mwongozaji alijaribu kunitetea, akaambiwa hayo si ya kwake.

Kwa hiyo nyota moja. Au mbili, ili yule mwongozaji asiumie kwa dhambi za stoo, ingawa najua nyota zangu hazimfikii yeye, zinakwenda kwa walewale. Basi moja. Ukienda nao, mwombe yeye, na buti vaa zako mwenyewe, zile ambazo umezitembelea karibuni. Mlima nitaurudia, Shira Cathedral nina deni nayo. Amana bado nadai. Picha za ule unga nimewatumia, tiki mbili za bluu zimetokea, jibu hakuna.