Inua Jamii kwa mzee asiye na pa kulala: nyota tatu kati ya tano

Mpango wa Inua Jamii wa serikali ya Kenya humpa mzee wa miaka 70 kwenda juu Sh2,000 kwa mwezi. Kwa mzee mwenye kwake, huo ni unga, sabuni na dawa za presha. Anayelala kwenye baraza la duka mahitaji yake ni mengine, na kwa macho yake ndipo tunapoupima mpango huu.

Uzuri wake mkubwa ni kigezo ulichoanza nacho. Ulipofunguliwa kwa wazee wote Januari 2018, kilichoangaliwa ni umri na kwamba huna pensheni ya serikali. Mzee hakulazimika kujidhalilisha ili aonekane fukara. Ila usajili haufunguliwi kila siku. Baada ya ule mkubwa wa 2017, wengi waliotimiza 70 walikaa hadi 2023 ndipo majina mapya yakaanza kuchukuliwa. Anayetimiza umri leo ampelekee naibu wa chifu jina lake mapema, bila kungoja tangazo.

Kitambulisho huwakwamisha wengi. Asiye na nyumba hana kabati: kadi huibwa, hulowa mvua, au hubaki kule alikofukuzwa. Aanzie kituo cha polisi aandikishe kuwa imepotea, kisha aende ofisi ya usajili wa watu. Akague pia mwaka wa kuzaliwa, maana wazee wengi waliandikiwa wa kukisia. Mtu wa miaka 74 ambaye kadi yake inasema 66 hahesabiwi, hata kijiji kizima kimtolee ushahidi.

Pabaya kuliko pote ni kwa mlezi, yaani mtu anayeandikishwa kumchukulia mzee pesa asipoweza kwenda mwenyewe. Tazama kaunti ya Kilifi, pwani. Mzee anasingiziwa uchawi, na mara nyingi kinachotafutwa ni shamba lake. Anakimbia usiku, anaishia kwa jamaa wa mbali au Kaya Godoma huko Ganze, wanakohifadhiwa wazee waliotishiwa maisha. Jina lake linabaki katika lokesheni (eneo la chifu) aliyoihama, na mlezi aliyeandikishwa huenda ni mwana yuleyule aliyemfukuza. Pesa zinaendelea kuingia, na anayezila ni huyo huyo. Mpango ulichukulia kwamba kila mzee ana familia inayomtakia mema. Hilo ndilo kosa lake kubwa, na ndilo lililoondoa nyota ya kwanza.

Kwa hiyo mzee akishapata hifadhi, mlezi abadilishwe kabla ya malipo yajayo. Nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo na kitambulisho cha mzee, cha mlezi mpya, na barua ya chifu wa mahali anapoishi sasa. Ombeni lokesheni ibadilishwe siku hiyohiyo. Msiondoke bila nakala yenye mhuri.

Alama za vidole zikihitajika wakati wa kuchukua pesa, vidole vilivyoshika jembe miaka 50 mara nyingi havisomeki. Mpake mafuta kidogo, futa vizuri, ujaribu vidole vyote kumi kabla ya kukubali kurudishwa. Pesa zisikae miezi mingi bila kutolewa, kwani jina linaweza kusimamishwa.

Nyota ya pili imeondoka kwa kiasi na kwa ratiba. Katika mitaa ya mabanda Nairobi, chumba cha mabati kinaweza kumeza Sh2,000 zote kabla ya maji na chakula. Mara nyingi malipo yamechelewa na kuja ya miezi miwili pamoja, Sh4,000. Mwenye nyumba anataka kodi yake mwanzoni mwa kila mwezi, tena na amana juu. Hapo ndipo mzee anaporudishwa barazani. Kinachosaidia ni kupatana mapema kwamba kodi italipwa kila pesa zinapoingia, hata ikiwa ni ya miezi miwili pamoja, kuyaandika mapatano hayo mbele ya mzee wa mtaa, na kulipa kwa M-Pesa ili kila senti iwe na rekodi.