Uzoefu wangu na kibao cha mazoezi cha kichakataji 8085 cha Intel: hapa ndipo aina za amri zinapokaa kichwani

Nakipa nyota nne kati ya tano, na sifa yake kubwa ni kwamba hakina asembla (programu inayogeuza amri kama MOV kuwa namba za mashine). Kila baiti unaibonyeza mwenyewe kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16, huandikwa na H mwishoni), kwa hiyo urefu wa amri haukupiti hivi hivi. MOV A,B (nakili rejista B kwenda rejista A) ni baiti moja, 78. MVI A,05H (weka 05 ndani ya A) ni mbili, 3E 05. LDA 2050H (soma kumbukumbu ya 2050H kwenda A) ni tatu, na anwani huingia kinyumenyume: 3A 50 20. Ukibonyeza 3A 20 50 kibao hakilalamiki, kinaenda kusoma 5020H na kukuletea takataka.

Amri za kuhamisha data, za hesabu na za mantiki hazisumbui sana. Kinachopoteza watu ni bendera, yaani biti zinazoonyesha hali ya matokeo, kama Z (matokeo ni sifuri) na CY (kuna mchukuo), na hapo kitufe cha hatua moja moja kina thamani kuliko vingine vyote. MOV, MVI na LDA hazigusi bendera yoyote. INR na DCR (ongeza au punguza moja kwenye rejista) hugusa zote isipokuwa CY. INX na DCX (hivyo hivyo, ila kwa jozi ya rejista kama BC), japo zinafanana nazo kama pacha, hazigusi hata moja. Jaribu kitanzi hiki cha kuhesabu 300:

2000: 01 2C 01 – LXI B,012CH (weka 300 ndani ya BC)
2003: 0B – DCX B
2004: C2 03 20 – JNZ 2003H (rukia 2003H kama Z ni 0)
2007: 76 – HLT (simama)

Kipitie hatua kwa hatua utaona BC inapungua huku rejista F, ya bendera, imetulia tuli. Kama Z ilikuwa 0 tangu mwanzo, kitanzi hakitoki kamwe: BC inafika 0000, inarukia FFFF na kuendelea. Kama ilikuwa 1, kinatoka duru ya kwanza. Dawa ni kuingiza 78 na B1, yaani MOV A,B kisha ORA C (A AU C, biti kwa biti), kabla ya JNZ, maana ORA ndiyo inayoandika Z. Kilichokuwa ndani ya A kinafutika, kwa hiyo kama unakihitaji kihifadhi kwanza kwa PUSH PSW, inayosukuma A na bendera kwenye rundo la kumbukumbu (ukiwa umeshaweka anwani ya rundo kwa LXI SP). Duru moja sasa inakula mapigo 24 ya saa, 6+4+4+10. Kwa MHz 3 ni mikrosekunde 8, na duru 300 ni kama milisekunde 2.4.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya kusahihisha makosa. Hakuna namna ya kuchomeka baiti katikati: zile mbili za juu zinakulazimu kubonyeza upya JNZ na HLT zote, na kwenye programu ndefu anwani za kurukia nazo zinabadilika. Siku hizi naacha NOP (00, amri isiyofanya kitu) tatu nne kila baada ya sehemu. Bendera pia zinaonekana kama tarakimu mbili tu za heksa, unazichambua mwenyewe: biti 7 ni S (ishara), 6 ni Z, 4 ni AC (mchukuo wa kati), 2 ni P (usawa wa biti), 0 ni CY. Umeme ukikatika programu yote inapotea, hivyo iwe kwenye karatasi kabla hujagusa kibonye.