Uzoefu wangu: kumlipa wakili wa uhamiaji kuombea uraia wa Marekani, hapa Houston

Kila tukikutana Watanzania wa Houston, iwe msibani au harusini, swali hili halikosi: kuna haja ya kumlipa wakili kwa ajili ya uraia, au mtu ajaze fomu mwenyewe? Mimi nililipa, na ningelipa tena. Lakini sababu yangu huenda wewe huna, kwa hiyo soma kwanza ndipo utoe pesa.

Tuliingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza, mimi, mume wangu na watoto. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mama yangu alipopata kiharusi kule Tanga, niliomba likizo isiyo na malipo nikaenda kumuuguza. Nilikaa zaidi ya miezi sita, ingawa mwaka haukufika. Na hapo ndipo penye kazi. Mwenye Green Card, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, anatakiwa awe ameishi Marekani mfululizo miaka mitano kabla ya kuomba uraia, au mitatu ikiwa ameoana na raia na wanaishi pamoja. Ndani ya hiyo mitano, awe amekaa nchini kimwili miezi isiyopungua 30. Ukisafiri safari moja ya zaidi ya miezi sita, serikali inachukulia kwamba ule mfululizo umekatika, na ni juu yako kuonyesha kwamba maisha yako yalibaki huku.

Kabla ya wakili nilikwenda kwa mtu anayejaza fomu, mwenye kijiofisi chake karibu na maduka. Bei yake ilikuwa ndogo sana. Nilipomweleza kuhusu Tanga akaniambia safari hiyo tusiiandike, eti hakuna anayefuatilia. Niliondoka palepale. Fomu ya N-400, ndiyo ya kuombea uraia, unaisaini chini ya kiapo, na kuingia na kutoka kwako vyote viko kwenye kompyuta za serikali. Mtu wa aina hiyo anachukua pesa yako, kisha siku ya mahojiano unakaa peke yako mbele ya afisa na uongo aliokuandikia yeye. Huwa naumia sana nikisikia ndugu zetu, hasa wazee wasiojua Kiingereza vizuri, wanapelekwa kwa watu hao. Ushauri wa sheria za uhamiaji unatolewa na wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ambaye anafanya kazi kwenye shirika lililotambuliwa na wizara hiyo. Mthibitishaji saini (notary public) si wakili hata kama bango lake ni kubwa.

Wakili nilielekezwa na mama mmoja Mkongo ninayefanya naye kazi. Jina lake nililitafuta kwanza kwenye tovuti ya chama cha mawakili cha Texas, nikaona leseni yake iko hai na hana adhabu. Mazungumzo ya kwanza yalikuwa dola 150, na alizikata kwenye bei ya jumla, dola 1,800, nilizolipa kwa awamu mbili. Mkataba ulikuwa wa maandishi. Uliorodhesha alichokubali kufanya: kuandaa faili, kulituma, kujibu barua za USCIS, idara ya serikali inayoshughulikia uraia na uhamiaji, na kukaa nami kwenye mahojiano. Pia ulisema kisichomo: ada ya serikali na rufaa endapo ningekataliwa.

Kilichonifanya nimwamini ni namna alivyoisoma pasipoti yangu. Aliiweka mezani akaanza kuifungua ukurasa kwa ukurasa, mhuri mmoja hadi mwingine, huku akiandika tarehe kwa penseli kwenye karatasi ya mistari. Mhuri mmoja wa Dar ulikuwa umefifia, akausogeza dirishani kwenye mwanga. Kisha akalinganisha orodha yake na kumbukumbu za safari zinazotolewa kwenye tovuti ya idara ya forodha. Alipomaliza akanipa njia mbili: kusubiri mpaka safari ile isiwe kikwazo tena, au kuomba sasa na ushahidi mkononi. Nilichagua kuomba. Tukakusanya barua ya mwajiri kwamba nilikuwa likizo na nafasi yangu ilibaki, mkataba wa nyumba ambao mume wangu aliendelea kuulipia, barua za shule za watoto, nakala za kodi kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, na vyeti vya hospitali vya mama.

Aliniuliza pia maswali ambayo sikuyategemea. Kubwa lilikuwa hili: nilipochukua leseni ya udereva, je, kuna mahali niliweka saini ya kujiandikisha kupiga kura? Kuna watu wamejiandikisha kwa njia hiyo bila kuelewa, na kujitaja kuwa raia kabla hujawa raia kunaweza kukuharibia kila kitu, hata Green Card yenyewe. Kama una wasiwasi na jambo hilo, usitume fomu kabla hujaonana na wakili.

Kwenye ada alinisaidia kuliko nilivyotarajia. Nilipoomba, mwaka 2024, ada ilikuwa dola 760 kwa karatasi na 710 mtandaoni. Sisi tulikuwa tumejiandaa kulipa hizo. Akauliza kipato cha nyumba na idadi yetu, akakuta tuko chini ya asilimia 400 ya kiwango cha umaskini, kwa hiyo nilistahili punguzo, nikalipa 380. Cheti cha ndoa kilichoandikwa kwa Kiswahili nacho hakikuhitaji kampuni ya tafsiri: yeyote anayezijua lugha zote mbili anaweza kukitafsiri, mradi aweke saini kuthibitisha kwamba tafsiri ni sahihi na kwamba ana uwezo wa kuifanya.

Lawama ninayo. Ofisi yake ilikuwa nzito kujibu simu, na msaidizi wake alikosea tarehe yetu ya ndoa: cheti kina siku kwanza halafu mwezi, yeye akaisoma tarehe Kimarekani, mwezi kwanza. Niligundua kwa kusoma rasimu mstari kwa mstari kabla ya kusaini. Fanya hivyo hata ukilipa maelfu.

Kwenye mahojiano wakili hakujibu kwa niaba yangu, na haruhusiwi. Afisa aliniapisha, tukapitia fomu, akafika kwenye ile safari: kwa nini ulikaa muda mrefu hivyo? Nikamweleza habari za mama. Wakili akasogeza jalada lililopangwa kwa vibandiko vya rangi, afisa akachomoa barua ya mwajiri na za shule, akazisoma, akaendelea. Mtihani wangu wa historia na serikali ya Marekani ulikuwa wa maswali kumi, unapata sita unapita. Waliotuma maombi kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wanaulizwa hadi 20, na wanatakiwa kupata 12, kutoka orodha ya maswali 128.

Kwa Watanzania kuna jambo ambalo wakili wa Marekani hawezi kukumalizia, na wangu alinieleza hivyo bila kuficha: sheria za nyumbani. Kwetu mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari anapoteza wa Tanzania, na asiye raia hamiliki ardhi kama raia anavyomiliki. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho kuhusu hadhi maalumu kwa diaspora, lakini hiyo si uraia pacha. Mimi nina kiwanja Tanga, kwa hiyo kabla ya kula kiapo nilimlipa wakili wa nyumbani anishauri. Wakenya hilo haliwahusu, katiba yao ya 2010 inaruhusu uraia pacha.

Baada ya kiapo nilidhani watoto nao wanahitaji fomu yao, N-600, ya kuombea cheti cha uraia, ambayo ada yake inazidi dola 1,300. Wakili akaniambia wako chini ya miaka 18, wana Green Card na wanaishi nami, kwa hiyo uraia wao umekuja na wangu. Tukawaombea pasipoti tu.

Mume wangu sasa anajaza yake mwenyewe. Hajawahi kutoka kwa muda mrefu, kodi zake ziko sawa, hana kesi. Tutamlipa wakili saa moja tu ya kulipitia faili kabla halijatumwa.