Picha za mbio: grupu la WhatsApp au albamu ya Google Photos?

Msimu wa Kili Marathon pale Moshi ukifika kila klabu ya joging ina mtu wake wa kamera, halipwi, anapenda tu, na jioni watu wanaanza kumdai picha kama vile walimkopesha. Sasa azirushe wapi?

WhatsApp ni chap, kila mtu yupo humo tayari, hata mama wa kilomita 5 anaiona yake kabla hajafika kwenye basi. Shida picha inabanwa, ile namba ya kifuani ukizuum ni ukungu mtupu, labda uitume kama dokumenti ndo inabaki na ubora wake, ila hapo unawalia watu bando na simu zinajaa sura za wenzao. Ukiweka status nako, masaa 24 imeenda.

Google Photos unatuma linki moja, mtu anachagua zake anapakua basi, na ukiweka ubora halisi haziharibiki. Ila bure ni GB 15 tu, tena unagawana na Gmail na Drive, na ile ofa ya kupandisha bila kikomo iliisha Juni 2021, kwa hiyo kamera ya maana inaijaza fasta. Halafu linki ikisambaa yeyote anafungua, picha za watoto mi nisingeweka humo, wapelekee wazazi inboksi.

Mi ningerusha kumi kali grupuni usiku huohuo, zilizobaki albamu, na lokesheni nazima kabla sijashea.