Pleya ya muziki: kabla hujauliza sauti, uliza femwea ya mwisho ilitoka lini

Mwenzenu nina pleya ndani ya droo, kioo safi hakina hata mkwaruzo, betri inakaa vizuri tu, na haipigi muziki. Haijaungua wala haijadondoka. Nikiweka kadi inaandika inasasisha maktaba, inahesabu nyimbo, inahesabu, ikifika ya 3,412 inaganda pale pale, vitufe vyote vimekufa, mpaka nitafute pini nitoboe kile kitundu cha riseti. Nikiwasha tena inaanza kuhesabu kutoka moja.

Nikamwandikia muuzaji, jibu lake: "zima washa dada". Nikamwambia nimezima nimewasha wiki nzima sasa, akasema basi kadi yangu feki. Haya, nikanunua kadi nyingine, nikahamisha nyimbo zote, ikaganda 3,412. Ndo nikakaa chini nikafanya kazi ambayo sio yangu, nikagawa nyimbo nusu kwa nusu, nusu hii ikipita salama najua mkorofi yuko nusu ile, naigawa tena, na tena, mpaka saa tisa usiku nimebaki na faili moja tu mkononi. Faili lenyewe zima kabisa, kwenye simu linapiga, kwenye kompyuta linapiga, ila ndani ya tagi yake (yale maelezo ya wimbo yanayokaa ndani ya faili) kulikuwa na picha ya kava kubwa kupita kiasi. Nikaitoa ile picha, pleya ikapita 3,412 kama haijawahi kunisumbua maishani.

Nikawaandikia kiwanda kwa furaha kabisa, nimewafanyia utafiti bure, nikawatumia na faili. Wakajibu wananishukuru kwa kuchagua bidhaa yao. Basi. Wiki mbili baadaye nikaongeza albamu tatu mpya, ikaganda tena, safari hii kwingine. Nikaitupa kwenye droo.

Kwa hiyo leo sitakwambia habari za DAC ngapi (chipu inayogeuza faili kuwa sauti), sijui plagi ya dhahabu, sijui inasoma sauti ya biti 32. Hayo kila tangazo linakwambia, na ukweli ni kwamba sauti ya pleya nyingi za siku hizi ni nzuri kuliko hedifoni tulizonazo. Mimi natazama ukurasa wa femwea tu, yaani ile programu ya ndani inayoiendesha pleya yenyewe. Ingia kwenye tovuti ya kampuni, tafuta modeli yako, angalia toleo la mwisho lilitoka lini na wameandika nini. Wakiandika "tumerekebisha kuganda wakati wa kusoma kadi, tumerekebisha wimbo kukatwa sekunde ya mwisho", hapo kuna mtu anasoma malalamiko. Wakiandika "maboresho ya mfumo" peke yake, matoleo yote, miaka yote, hakuna mtu pale. Angalia pia kama matoleo ya zamani bado yapo, maana apdeti nyingine zinakuja kuharibu kuliko zilivyokuta, na usipoweza kurudi nyuma umekwisha. Modeli imetoka miaka mitatu na ina femwea moja tu ile ya kuzaliwa nayo? Usijidanganye kwamba haikuwa na kasoro.

Kama unaona nakuza mambo, kumbuka Zune, pleya ya Microsoft, ile ya 30GB. Tarehe 31 Desemba 2008 ziliganda siku moja, dunia nzima, watu wanajiandaa na mwaka mpya pleya zimekuwa mawe. Mwaka 2008 ulikuwa mrefu, una siku 366, na programu ya saa ndani ya Zune ikifika siku ya 366 haikujua ifanye nini, ikabaki inazunguka humo humo. Dawa waliyoitoa ilikuwa acha betri iishe kabisa, subiri 1 Januari ipite saa sita mchana kwa saa za Greenwich, chaji, washa. Na hiyo ni Microsoft, watu walijibiwa siku ile ile. Sasa fikiria wewe na pleya ambayo kampuni yake ina anwani ya barua pepe moja.

Haya, tupange.

Ya kwanza ni FiiO, na sifichi, naipendelea. Wanaweka femwea wazi kwenye tovuti, wanaandika walichorekebisha, unapakua, unaweka kwenye kadi, pleya inajipandisha yenyewe bila kukulazimisha kuweka programu yao kwenye kompyuta. Ukitaka ya Android JM21 ina Android 13, inatosha kwa striming, yaani kusikiliza moja kwa moja kwa intaneti. Ukitaka ndogo isiyo na intaneti tafuta M3K iliyotumika, ile ya 2018, maana hiyo inakubali Rockbox, nitaieleza sasa hivi. Sio malaika lakini. X5 kizazi cha tatu, ya 2017, ilikuja na Android 5.1 na haikuvuka hapo, na programu za striming zina tabia ya kuikataa Android iliyozeeka, kwa hiyo mashine ya gharama ikageuka ya kupiga mafaili tu. Ndo maana pleya ya Android naihesabia umri kama maziwa.

Rockbox sasa. Hii ni femwea ya bure inayoandikwa na watu wa kujitolea, ilianza mwishoni mwa 2001 na vijana wa Sweden waliochoshwa na femwea ya pleya zao za Archos, wakaamua kuandika ya kwao kuanzia sifuri. Ukiwa nayo, kampuni ife isife wewe hauna habari, kasoro inarekebishwa na mtu ambaye naye anaitumia. Inakupa folda kama ulivyozipanga mwenyewe, haikulazimishi maktaba kabisa (jamani, pleya isiyonilazimisha kuhesabiwa nyimbo, nililia). Ila ufomati kadi FAT32 kwanza (huo ni mpangilio wa mafaili ndani ya kadi), kadi zaidi ya 32GB huwa zinakuja na mpangilio mwingine, exFAT, na kifaa cha kufomati cha Windows kwa miaka mingi kimekuwa kikigoma FAT32 ikivuka hapo, kwa hiyo tafuta programu nyingine ya kufomatia.

Kwa sababu hiyo hiyo namba mbili naipa iPod iliyotumika. Ndio, iPod. Apple waliiacha iPod Classic 2014, wakatangaza mwisho wa iPod touch Mei 2022, hakuna apdeti inayokuja tena na wala huhitaji, kwa sababu modeli za iPod Video na Classic zote zinakubali Rockbox, betri zake zinauzwa mpaka leo, na ile hard disk inayozunguka unaitoa unaweka adapta ya kadi. Kati ya hizo mbili chukua Video. Classic ina uso wa chuma uliobanwa na vibanio pembeni pote, nimeifungua moja kwa kipande cha plastiki na subira ya saa mbili na bado mgongo umebaki na mawimbi kama bati lililopigwa jiwe. Muulize anayekuuzia akupigie video anazungusha gurudumu, gurudumu linaloruka ndo ugonjwa wa kuuziana.

Ya tatu Walkman ya Sony, NW-A306. Imetengenezwa vizuri, ndogo, ukiishika unajua hii ni kampuni iliyoanza kazi hii 1979. Lakini ilitoka Januari 2023 na Android 12 wakati Android 13 ilishatoka 2022, yaani imezaliwa na mvi. Halafu wanaandika nafasi ya 32GB, ukiwasha unakuta kama 18 ndo zako. Na angalia imetengenezewa soko gani, za Ulaya sauti imewekewa kikomo kwa sheria zao, ukiwa na hedifoni zinazotaka nguvu nyingi utajuta.

Ya nne ni kundi zima: HiBy R3, Hidizs AP80, TempoTec V1. Nimeziweka pamoja kwa sababu ndani zinaendeshwa na mfumo mmoja wa HiBy, ukiziwasha menyu zinafanana kama mapacha waliovalishwa nguo tofauti. Mfumo wenyewe mwepesi, naupenda. Shida ni kwamba HiBy wakirekebisha kitu kwenye pleya yao haimaanishi na wewe wa chapa nyingine umepata, mpaka kampuni yako iamke. Kwa hiyo usisome ukurasa wa pacha, soma wa kwako.

Za bei chee zisizo na jina? Hazina ukurasa wa femwea. Nimemaliza.

Hapana, niongeze kimoja, zipo chache kama HifiWalker H2 zinazokubali Rockbox, ila jina likibaki lile lile kiwanda kilikuwa kinabadilisha vitu ndani, kwa hiyo ukifungua boksi jua kwanza umepata toleo gani kabla hujapakua chochote.

Sasa wauzaji. Waranti mwaka mmoja, imeandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa. Ukipata tatizo muuzaji anakwambia hilo ni la kiwanda, kiwanda kinakwambia rudi kwa uliyenunua kwake, ukisimama sana wanakubali uitume kwa gharama yako, inakaa, inarudi imefomatiwa, femwea ile ile. Wamefuta nyimbo zangu wakaita matengenezo! Kwa hiyo siku unayoipokea jaza kadi yote, nyimbo zako zote na mikava yake mikubwa na majina yake marefu, iache ihesabu, ikiganda irudishe wakati siku za kurudisha bado zipo. Usiijaribu na nyimbo kumi za kuanzia kama nilivyofanya mimi, maana kumi zilipita vizuri sana.

Mwezi uliopita yule muuzaji wangu kanitumia ujumbe, kuna modeli mpya, ile ile yangu imeongezwa DAC ya pili na bei imepanda, ila mimi kama mteja wa zamani ana punguzo langu. Nikamuuliza kama ile ya kuganda 3,412 wameirekebisha. Akasema hii ina bluetooth nzuri zaidi dada.